Shajara ya mradi: flaksi ya maji kwenye wimbi la lehemu, Malindi

Bodi ya saketi hupitishwa juu ya wimbi la lehemu iliyoyeyuka; flaksi ni kemikali inayopakwa kwanza ili iondoe kutu na lehemu ishike. Kazi yenyewe ni bodi 400 za kudhibiti chaji ya sola, ampea 10, za taa za mashua na za nyumbani. Kila bodi ina ukubwa wa mm 100 kwa 80, shaba pande zote mbili, vipuri vyote ni vya miguu inayopenya bodi, matundu 118 ya kulehemiwa. Mashine ni ya mtumba, ya wimbi moja, ya kukaa mezani. Chungu chake kinameza kilo 48 za lehemu ya bati 63 kwa risasi 37. Flaksi hupakwa kwa povu.

Flaksi isiyohitaji kuoshwa ndiyo iliyokuwa ikitumika, na imeshindwa. Kipuri kikikaa miezi sita kwenye karakana inayopigwa na upepo wa bahari, miguu yake hufifia, na flaksi hiyo ya upole haina nguvu ya kuila ile kutu nyembamba. Katika bodi 50 za mwisho, wastani wa matundu 9 kwa bodi hayakujaa, yakarudiwa kwa mkono. Flaksi ya ulimbo wa msonobari nayo ilijaribiwa: inalehemu vizuri, lakini huoshwa kwa spiriti, na spiriti lita 6 kwa kila bodi 50, kando ya chungu cha nyuzi 250, ni kuuchokoza moto. Kwa hiyo tumehamia flaksi ya asidi za kikaboni, inayooshwa kwa maji. Ni kali, inalehemu karibu kila kitu, na ikibaki kwenye bodi inaila bodi yenyewe.

3 Februari 2025: joto, mwendo, mteremko

Mipangilio ya kuanzia: chungu nyuzi 248 za Selsiasi, mkanda mita 1.1 kwa dakika, mteremko nyuzi 6. Bodi inatakiwa kugusa wimbi kwa sekunde 3 hivi. Kupima mguso, pitisha kipande cha kioo kinachostahimili joto, kilichochorwa mistari ya sentimita, usome upana wa lehemu iliyokigusa kwa chini. Kwa mwendo huu upana uwe sm 5.5.

Bodi za kwanza zilitemewa vidonge vya lehemu kila upande. Sababu: joto la awali halikutosha. Waya wa kupimia joto uliobandikwa juu ya bodi ulisoma nyuzi 82 kabla ya wimbi, yaani kimiminika cha flaksi kilikuwa bado hakijakauka, kikachemka ghafla kilipokutana na lehemu. Tukakosea kwa kupunguza mwendo wa mkanda hadi mita 0.8. Vidonge vilipungua, lakini mguso ukapita sekunde 4, flaksi ikaungua kabla bodi haijatoka wimbini, na lehemu ikaanza kuvuta nyuzi na kuunganisha miguu ya jirani. Mwendo na joto la awali ni mambo mawili tofauti; usitibu moja kwa jingine. Mkanda ulirudishwa mita 1.1, ikaongezwa hita ya pili ya wati 1,500 (shilingi 4,200). Sasa juu ya bodi ni nyuzi 100 hadi 105. Matundu yasiyojaa: chini ya 1 kwa bodi.

Usizidishe pia. Kwa nyuzi 125 mabaki ya flaksi hugeuka kahawia na kung'ang'ania, na yakiungua hivyo maji hayayatoi kirahisi.

13 Februari: povu linalodanganya

Siku ya nane ya kazi matundu yalianza kukosa kujaa tena, ingawa haidromita, kipima uzito wa kimiminika kwa lita, ilionyesha flaksi iko sawa. Kosa hili liligharimu bodi 22 za kurudia, na chanzo chake hakionekani kwa macho.

Flaksi hii ina kilo 0.880 kwa lita ikiwa nyuzi 25. Alkoholi hupungua uzito kwa takriban 0.0009 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo kwa nyuzi 31 za karakana flaksi mpya inasoma 0.875. Mchana wa tarehe 10 tangi lilisoma 0.889. Mazoea husema alkoholi imeruka, ongeza kiyeyushi. Ikaongezwa mililita 600, usomaji ukawa 0.876, kila mtu akaridhika.

Kumbe uzito haukuongezeka kwa alkoholi kuruka peke yake. Hewa ya kompresa inayopuliza povu ilikuwa na maji. Ulipofunguliwa mlango wa chini wa tangi la kompresa lilitoka nusu kikombe. Alkoholi inayanywa maji hayo, na maji ni mazito kuliko alkoholi. Haidromita haijui tofauti kati ya flaksi iliyokolea na flaksi iliyotiwa maji. Tulipoongeza kiyeyushi tulizidi kuidhoofisha.

Kipimo kinachosema kweli ni cha asidi. Pima gramu 5 za flaksi mpya kutoka kwenye mtungi, changanya na spiriti, tia matone matatu ya fenolfthaleini (dawa inayogeuka waridi asidi ikiisha), kisha dondosha maji ya soda kali ya nguvu 0.1 hadi rangi ya waridi isimame. Flaksi mpya ilitaka mililita 14.2. Ya tangini ilitaka 10.1. Zaidi ya robo ya nguvu ilikuwa imekwenda huku haidromita ikitabasamu.

Marekebisho: mtego wa maji na chupa ya silika inayonyonya unyevu kwenye bomba la hewa (shilingi 3,800), kompresa inamwagwa maji kila asubuhi, tangi linafunikwa kazi ikisimama, kipimo cha asidi kila siku tatu, na lita 3 za tangini zinatupwa kila Jumamosi bila kuonewa huruma. Chini ya mililita 12.5, tupa hata kama ni Jumanne.

24 Februari: bodi zilizolala

Bodi 36 zililehemiwa Ijumaa asubuhi, beseni la kuoshea likawa limejaa, zikaachwa zioshwe Jumamosi. Asubuhi lehemu ilikuwa imefifia na kando ya miguu ya shaba kulikuwa na unga wa kijani. Kwa unyevu wa Malindi mabaki haya hunyonya maji usiku kucha na kuendelea kula. Bodi 36 zilioshwa hata hivyo, zikawekwa alama nyekundu. Habari zake ziko kwenye ingizo la Mei.

Kanuni tangu leo: kutoka wimbini hadi majini dakika 30, na mashine hailehemu bodi nyingi kuliko beseni linavyoweza kuosha. Yaani kasi ya kazi inapangwa na beseni, wala si na mashine.

Umeme ukikatika mkanda ukiwa umebeba bodi, zile zilizopakwa flaksi bila kufika wimbini ndizo za kukimbiza kwanza. Flaksi ambayo haijapata joto la lehemu ndiyo kali kuliko zote. Zioshe na zikaushe, kisha anza upya.

10 Machi: maji gani?

Ramadhani, zamu ni fupi, bodi 20 kwa siku. Nafasi nzuri ya kuyapima maji kwa mita ya upitishaji umeme, ambao hupanda chumvi ikizidi (shilingi 1,400). Kisima cha karibu: mikrosimensi 2,900 kwa sentimita. Maji ya bomba, yale ya kutoka Baricho kando ya mto Sabaki: 560. Maji ya betri ya dukani: 4.

Maji ya kisima yasitumike hata kwa suuza ya kwanza. Malindi imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, maji yake yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi juu yake. Maji ya bomba yanafaa kwa suuza ya kwanza na ya pili, ambako kazi yake ni kubeba flaksi nyingi iondoke. Ila mvua ikinyesha bara na mto Sabaki ukashuka na tope, weka chujio la mikroni 5. Mchanga mwembamba ulijibana chini ya terminali (vishikio vya waya) za bodi sita.

Bodi zilizomalizwa kwa maji ya bomba zilikauka na ukungu mweupe. Ukungu mweupe una sababu nyingi, na kutibu bila kujua ni upi ni kupoteza siku. Chukua pamba mbili. Moja ichovye kwenye spiriti: ukungu ukitoka, ni ulimbo, kwa kawaida kutoka kwenye waya wa lehemu uliotumiwa kurekebisha kwa mkono kabla ya kuosha. Nyingine ichovye kwenye siki iliyozimuliwa: ukitoka kwa siki na si kwa spiriti, ni chokaa ya maji. Wetu ulitoka kwa siki. Siki isiachwe kwenye bodi. Nayo ni asidi, na pamoja na risasi hutoa chumvi inayopitisha umeme na yenye sumu. Osha tena palepale.

Suuza ya mwisho kwa maji ya betri ilikubali, lakini bodi 20 zinataka lita 15, kwa shilingi 60 lita, yaani shilingi 45 kwa bodi. Ghali mno. Tukafunga chujio la utando la nyumbani (shilingi 18,500) na baada yake nguzo mbili za plastiki zenye lita 12 za resini mchanganyiko, chembe zinazonasa chumvi iliyobaki majini (shilingi 9,600). Baada ya utando mita inasoma 38, baada ya resini inasoma chini ya 1. Usipeleke maji ya bomba moja kwa moja kwenye resini. Itaisha kwa muda mfupi. Utando ndio unaobeba mzigo, resini inamalizia.

24 Machi: kilichojificha chini ya vipuri

Utaratibu wa kuosha ulikuwa: beseni la kwanza nyuzi 55 na brashi laini, la pili suuza, la tatu maji ya resini, kisha hewa na tanuri nyuzi 80 kwa saa moja. Sabuni haihitajiki, flaksi yenyewe hutoa povu, na povu hilo likikoma kwenye beseni la pili ni dalili njema, ila si uthibitisho.

Uthibitisho tunaupata hivi. Tia bodi kwenye mfuko safi wa plastiki pamoja na mililita 100 za maji ya resini, ziba, weka kwenye maji ya nyuzi 60 kwa saa moja, acha ipoe, pima upitishaji. Pima pia mfuko mtupu wenye maji yaleyale. Wetu ulisoma 1.6. Bodi yetu ina sm 160 za mraba ukihesabu pande mbili. Kiwango cha zamani cha viwandani ni mikrogramu 1.56 za chumvi kwa kila sentimita ya mraba, yaani mikrogramu 250 kwa bodi nzima. Katika mililita 100 hiyo ni miligramu 2.5 kwa lita, ambayo huongeza usomaji kwa takriban 5. Kwa hiyo mpaka wetu ni 6.6. Kiwango hicho kilitungwa enzi za ulimbo na hakitoshi peke yake kuhukumu bodi, lakini kwa kulinganisha jana na leo kinafaa sana.

Bodi yenye kung'aa, iliyosafishwa kwa brashi, ilisoma 19.

Kapasita kubwa mbili zilipong'olewa, chini ya mpira wake palikuwa na utelezi wa kunata. Zilikuwa zimekaa zikigusa bodi. Maji hayapendi kuingia kwenye upenyo mwembamba, na yakiingia hayapendi kutoka. Flaksi yenyewe iliingia kirahisi kwa sababu ni ya alkoholi. Maji ya moto husaidia kidogo tu: mvutano wa uso wa maji ni milinewton 72 kwa mita kwa nyuzi 25 na hushuka hadi 66 kwa nyuzi 60. Kinachosaidia kweli ni nafasi. Miguu ya kapasita, koili na kishikio cha fyuzi sasa inapindwa kidogo kabla ya kuingizwa ili kipuri kisimame mm 1.5 juu ya bodi. Kifaa cha kupindia ni koleo lililotiwa tuta la waya, hakuna gharama. Pia beseni la kwanza lilibadilishwa likawa na pua nne za kunyunyiza kwa pembe, pampu ndogo ya volti 12 (shilingi 2,600). Usomaji ukashuka hadi 4.4, na baada ya kuongeza suuza moja ya maji ya resini, 2.9.

14 Aprili: visivyooshwa

Rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) za wazi, zile zenye kifuniko kisichozibwa, ziliingia maji na flaksi pamoja. Kati ya 20, saba zilishika kwa kusita ndani ya wiki. Badilisha ziwe zilizozibwa kwa gundi, za kuruhusiwa kuoshwa. Tofauti ni shilingi 35 kwa moja. Bazza, king'ora kidogo cha bodi, ina stika juu ya tundu lake: stika ibaki hadi bodi itoke tanurini. Potenshometa ya kurekebishia volti ilitolewa kabisa kwenye wimbi.

Waya wa nyuzi nyingi usipite kwenye wimbi kwa flaksi hii kabisa. Flaksi hupanda ndani ya ganda kama mafuta kwenye utambi, na hakuna maji yatakayoifuata huko. Tulipasua ganda la waya wa majaribio baada ya wiki tatu: sentimita mbili za kijani kibichi.

Waya, potenshometa na chochote cha aina hiyo hulehemiwa kwa mkono baada ya kuosha na kukausha, kwa waya wa lehemu wenye flaksi isiyohitaji kuoshwa. Mpangilio huo usigeuzwe. Ukitanguliza ulimbo kabla ya maji utarudi kwenye ukungu mweupe wa Machi.

12 Mei: masika yafichua

Bodi zote za Februari zilipita majaribio mchana wa kaskazi, hewa kavu. Mvua zilipoanza, 11 zilianza kuchaji betri kupita kiasi. Tisa kati yake zina alama nyekundu.

Hesabu yake ni hii. Volti ya betri husomwa kupitia vizuizi viwili, kiloohm 470 juu na 100 chini. Uchafu wenye unyevu kando ya kile cha chini ukipitisha umeme kama kizuizi cha megaohm 2, kiloohm 100 inakuwa 95.2, na saketi inaona volti pungufu kwa asilimia 4. Bodi iliyopangwa kukata chaji kwenye volti 14.4 sasa inakata kwenye 15.0. Betri ya asidi inatokota na kukauka maji. Megaohm 2 haionekani kwa mita ya kawaida ukipima bodi kavu mezani. Pima ikiwa ndani ya unyevu.

Kwa ajili hiyo tumetengeneza boksi la plastiki lenye kifuniko, chini sahani ya chumvi ya mezani iliyoloweshwa hadi iwe uji. Uji wa chumvi hushikilia unyevu wa asilimia 75 wenyewe, bila mtambo. Kila kundi hutoa bodi mbili zikae humo siku saba zikiwa na volti 12, kisha hupimwa humohumo kati ya mistari miwili ya shaba isiyounganishwa. Mpaka wetu wa chini ni megaohm 100.

Bodi mbili zisizo na alama nyekundu zilinyunyiziwa maji tena kwa pua na kuokwa, zikapona. Zile tisa hazikupona. Hata baada ya kuoshwa mara tatu zilibaki megaohm 8 hadi 15. Flaksi za maji huwa na glikoli, vimiminika vinavyonyonya maji, na glikoli zikipata joto la wimbi huingia ndani ya epoksi, plastiki ya bodi yenyewe, ambako brashi haifiki. Juu yake hapa pana kutu ya usiku mzima. Zimetupwa zote 36 zenye alama, vipuri vya shilingi 640 kwa kila bodi, jumla 23,040. Ndiyo hasara kubwa ya mradi.

Tulijaribu pia kupaka vanishi bodi nne bila kuzirudia kuosha, tukidhani vanishi itaziba unyevu. Vanishi hupitisha mvuke polepole; chumvi iliyo chini yake huunyonya, na malengelenge yalitokea siku ya tano.

26 Mei: maji machafu

Maji ya beseni la kwanza yana asidi na risasi. Shimo la kawaida hapa huishia kwenye matumbawe, na matumbawe ni ungo: kinachoingia leo kiko kisimani kwa jirani kesho kutwa. Kwa hiyo hakuna kinachomwagwa.

Maji yanarudishwa nyuma: ya beseni la nne huenda la tatu, la tatu la pili, la pili la kwanza. Hutoka lita 30 tu kwa bodi 40. Tulijaribu kuyatia magadi ili risasi ishuke chini kama unga. Asidi ilitulia na unga kidogo ukashuka, lakini flaksi hizi zina asidi zinazoishikilia risasi isishuke yote, kwa hiyo maji yanayoonekana safi juu si safi. Sasa yanakaushwa kwenye sinia pana juani, zimefunikwa wavu wa chuma (kuku wa mtaa walianza kuyaonja), na tope linalobaki linawekwa kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na resini iliyokwisha na makapi ya chungu. Vyote huchukuliwa na msafirishaji wa taka hatari mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Safari moja ya ndoo tatu ilikuwa shilingi 4,500.

Mashine nayo inataka kuoshwa. Vidole vya mkanda vinabeba flaksi na kuidondosha kwenye fremu ya chuma, na kutu ilianza kwenye skrubu kabla ya mwezi wa pili wa kazi. Kila jioni vidole husuguliwa kwa maji ya uvuguvugu na kupulizwa hewa.

9 Juni: hesabu ya sasa

Bodi 346 zimekamilika, na makundi yake yamepita boksi la chumvi. 18 zinasubiri rilei. Vifaa vya ziada tangu Februari: hita 4,200, kukausha hewa 3,800, mita 1,400, utando 18,500, resini 9,600, pampu 2,600; jumla 40,100. Gharama ya kuosha kwa bodi, ukiweka maji, umeme wa tanuri, resini na taka, ni shilingi 31. Flaksi isiyooshwa ilikuwa na sifuri hapo, lakini kurudia matundu 9 kwa mkono kulichukua dakika 14 kwa bodi.

Resini ilibadilishwa baada ya bodi 310, mita ilipovuka 2. Nguzo ya kwanza ilitolewa, ya pili ikasogezwa mbele kuwa ya kwanza, mpya ikawekwa nyuma.